Vyombo vya sauti: Mwongozo kwa anayetaka kujiundia au kuboresha alivyo navyo

Katika maduka ya elektroniki ya Luthuli Avenue jijini Nairobi, si ajabu kukuta sanduku la spika lililobandikwa karatasi yenye nambari za kutisha: wati 10,000, wati 12,000, wakati mwingine zaidi. Mnunuzi akikigeuza chombo hicho na kusoma kibandiko kidogo kilicho nyuma, karibu na waya wa umeme, hupata habari nyingine kabisa. Huenda akaona kwamba chombo chenyewe hutumia wati 60 tu kutoka ukutani.

Hakuna mashine iwezayo kutoa nguvu nyingi kuliko inazopokea na kuendelea hivyo kwa muda. Mtungi haumimini maji usiyotiwa. Nambari ile kubwa, ambayo aghalabu huandamana na herufi PMPO, ni hesabu ya kinadharia ya mshindo wa kitambo kidogo mno, na kila mtengenezaji huikokotoa apendavyo. Kipimo chenye maana ni wati za kudumu, yaani nguvu ambazo chombo kinaweza kutoa mfululizo bila kupotosha sauti wala kuungua. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Pengo kati ya nambari hizo mbili limewapotezea wengi fedha zao. Kadhalika, ni mojawapo ya sababu zinazowavuta watu katika uraibu wa kujiundia amplifaya na spika, au kuviboresha vile walivyo navyo. Anayejua kilichomo ndani ya sanduku hadanganyiki kwa kibandiko. Makala haya yanaeleza chimbuko la uraibu huo, jinsi vyombo vyenyewe vinavyofanya kazi, mahali pa kuanzia na hatari ambazo sharti fundi wa nyumbani azifahamu kabla ya kushika chuma cha kulehemu.

CHIMBUKO LA UFUNDI HUU

Mazoea ya watu kujiundia vyombo vya sauti yalizaliwa pamoja na redio. Mwaka 1906 mvumbuzi wa Marekani, Lee de Forest, alibuni vali ambayo baadaye iliwezesha mkondo dhaifu wa umeme kuuongoza mkondo wenye nguvu zaidi. Hiyo ndiyo kazi ya amplifaya hadi leo: kuchukua ishara ndogo na kuifanya itawale nguvu kubwa zitokazo kwenye umeme wa nyumbani au betri. Utangazaji ulipoenea katika miaka ya 1920, watu wengi Ulaya na Marekani walijiundia redio kwa kufuata michoro iliyochapishwa majaridani, maana zile za madukani zilikuwa ghali.

Vita Vikuu vya Pili vya Dunia vilipokwisha mwaka 1945, vifaa vingi vya kijeshi viliuzwa kwa bei nafuu, na vijana wengi waliofunzwa ufundi wa redio jeshini walirudi makwao. Aprili 1947, jarida la Uingereza la Wireless World lilianza kuchapisha maelezo ya amplifaya iliyobuniwa na mhandisi D.T.N. Williamson. Amplifaya hiyo ya vali ilitoa wati 15, na upotoshaji wake wa sauti haukuzidi asilimia 0.1, kiwango kilichowashangaza wengi wakati huo. Mchoro wake ulinakiliwa na mafundi wa nyumbani katika nchi nyingi.

Mwaka huo huo wa 1947 kampuni ya Heath, ya mji wa Benton Harbor katika jimbo la Michigan nchini Marekani, ilianza kuuza vyombo vya elektroniki vikiwa vipande vipande ndani ya sanduku, pamoja na kitabu cha maelekezo. Mnunuzi aliketi mezani pake na kulehemu kipande baada ya kipande hadi chombo kikakamilika. Jina la Heathkit likavuma kwa miongo kadhaa. Mwaka 1959 kampuni ya Dynaco, iliyoanzishwa na David Hafler, ilitoa Stereo 70, amplifaya ya vali yenye wati 35 kila upande, ambayo hadi leo ina wapenzi wanaoikarabati na kuiboresha.

Transista, iliyovumbuliwa Desemba 1947 katika maabara za Bell nchini Marekani, ilichukua nafasi ya vali hatua kwa hatua. Mwaka 1969 John Linsley Hood alieleza katika jarida lile lile la Wireless World amplifaya ya wati 10 yenye transista chache tu, ambayo mafundi wangali wanaiunda. Hata hivyo, vyombo vilivyounganishwa viwandani vilizidi kushuka bei, na faida ya kujiundia ikapungua. Heath iliacha kuuza vipande vyake mwaka 1992.

Kilichoufufua uraibu huu ni chipu: saketi nzima ya amplifaya iliyofinyangwa ndani ya kipande kidogo chenye miguu michache. Kazi iliyohitaji makumi ya vipande sasa yaweza kufanywa na chipu moja, rezista chache na kapasita kadhaa.

Nchini Kenya, shule kubwa ya ufundi huu imekuwa barabarani. Mafundi wanaofunga muziki katika matatu walijifunza kwa vitendo jambo ambalo vitabu hulieleza kwa hesabu: betri ya volti 12 peke yake haiwezi kusukuma zaidi ya wati 20 hivi katika spika ya omu 4. Ndiyo sababu amplifaya kubwa ya gari huwa na sehemu ya kupandisha volti kwanza, kabla ya kuikuza sauti. Redio ndogo ya gari isiyokuwa na sehemu hiyo, lakini ikadai kutoa wati 50 kwa kila spika, inatumia lugha ile ile ya PMPO.

SEHEMU ZA CHOMBO CHA SAUTI

Chombo chochote cha sauti kina sehemu nne. Kwanza ni chanzo, kama vile redio, gramafoni, kicheza diski au simu. Pili ni ugavi wa umeme. Tatu ni amplifaya yenyewe, na nne ni spika. Kuna sehemu ya tano ambayo haiuzwi dukani, nayo ni chumba.

Ugavi wa umeme ndio msingi. Umeme wa nyumbani nchini Kenya ni wa volti 240, nao hubadili mwelekeo na kurudi mara 50 kwa sekunde. Transfoma hushusha volti hizo, tuseme hadi 18. Diodi huulazimisha umeme kwenda upande mmoja, kisha kapasita kubwa huusawazisha kama tangi la maji linavyosawazisha mtiririko wa mfereji. Volti 18 zikipitia hatua hizo huwa takriban 24 au 25, kwa kuwa kapasita hujaa hadi kilele cha wimbi wala si wastani wake. Wengi wanaoanza huunguza chipu kwa kutojua hesabu hii ndogo.

Amplifaya huainishwa kwa madaraja. Zile za daraja A huwa na mkondo unaopita wakati wote, hata kukiwa kimya. Husifiwa kwa usafi wa sauti lakini sehemu kubwa ya umeme wake hugeuka kuwa joto. Daraja AB, linalotumika sana, haliwezi hata kinadharia kugeuza zaidi ya asilimia 78.5 ya umeme kuwa sauti. Daraja D huwasha na kuzima transista zake mamia ya maelfu ya mara kwa sekunde, na laweza kuzidi asilimia 90. Ndiyo maana amplifaya ndogo za kisasa huwa nyepesi na hazichemki sana.

Spika hugeuza umeme kuwa mwendo. Koili ya waya iliyo karibu na sumaku husukuma koni ya karatasi mbele na nyuma, nayo koni husukuma hewa. Sikio la kijana mwenye afya husikia mitetemo ya kuanzia hezi 20 hadi 20,000. Hakuna koni moja iwezayo kuyamudu yote hayo vyema, hivyo sauti nzito hupewa wufa na sauti nyembamba hupewa twita.

WATI NA SIKIO

Sikio halipimi sauti kama mizani ipimavyo sukari. Ukiongeza nguvu za amplifaya maradufu, kwa mfano kutoka wati 50 hadi 100, sauti hupanda kwa desibeli 3 tu, tofauti ambayo msikilizaji huitambua kwa shida kidogo. Ili sauti isikike kama imekuwa kubwa maradufu, huhitajika nguvu takriban mara kumi.

Kutokana na hali hiyo, kuna nambari yenye manufaa zaidi kuliko wati, nayo ni wepesi wa spika. Huandikwa kwa desibeli kwa wati 1, ikipimwa umbali wa mita 1. Spika ya desibeli 92 ikipewa wati 10 hutoa sauti sawa na spika ya desibeli 86 iliyopewa wati 40. Anayenunua spika nyepesi kusukumika amejinunulia amplifaya kubwa bila kulipia.

NI KIPI KIBORESHWE KWANZA?

Wengi huanzia mwisho. Hununua nyaya za bei ghali, kisha amplifaya, na kusahau yale ambayo hayana gharama. Mpangilio ufuatao una manufaa zaidi.

Kwanza, mahali pa spika. Spika iliyosukumwa pembeni mwa chumba hutoa besi nyingi yenye mvumo usioeleweka, kwa sababu kila ukuta ulio karibu huirudisha na kuizidisha sauti nzito. Isogeze hatua moja kutoka ukutani. Twita ziwe kimo cha masikio ya aliyeketi, na umbali kati ya spika mbili uwe karibu sawa na umbali kutoka kila spika hadi kwa msikilizaji. Jaribio hili halimgharimu mtu hata senti.

Pili, chumba. Kuta tupu za mawe, sakafu ya saruji na dari ngumu hurudisha sauti kama kisima. Zulia, makochi, mapazia mazito na rafu ya vitabu hupunguza mwangwi wa sauti za kati na nyembamba. Sauti nzito hazizuiliki kwa pazia, na kwa hizo njia rahisi ni kusogeza spika na kiti.

Tatu, sanduku la spika. Sanduku la bei rahisi aghalabu huwa la mbao nyembamba zinazotetemeka, na viungo vyake huvujisha hewa. Kuongeza mwamba wa mbao ndani, kuziba nyufa kwa gundi na kutia sufi au pamba maalumu ndani huweza kubadili chombo kabisa.

Nne, vipande vilivyochoka. Kapasita zenye majimaji ndani huzeeka, hasa zikikaa karibu na joto. Zile za kiwango cha nyuzi 105 hudumu kuliko za nyuzi 85, na kwa kawaida kila joto likipungua kwa nyuzi 10 umri wake huongezeka maradufu. Redio iliyotumika miaka 20 au 30 yaweza kurejeshewa uhai kwa kubadilishiwa kapasita chache na kusafishwa kitufe cha sauti kinachokwaruza.

Tano ndiyo amplifaya, na sita ni nyaya. Kuhusu nyaya, hesabu ndiyo hakimu. Waya wa shaba wenye unene wa milimita mraba 1.5 ukivutwa mita 5 hadi kwenye spika, kwenda na kurudi, una ukinzani wa takriban omu 0.12. Kwa spika ya omu 8 kiasi hicho ni kidogo mno. Waya wa shaba wa kawaida wa unene huo unatosha sebule nyingi, mradi uwe shaba kweli, kwani zipo nyaya za alumini zilizopakwa shaba juu tu.

KAZI YA KWANZA: AMPLIFAYA YA CHIPU

Anayeanza asikimbilie amplifaya kubwa. Chipu ya TDA2030 ina miguu mitano na hutoa wati zipatazo 14 katika spika ya omu 4. Ndiyo inayopatikana ndani ya vyombo vingi vya mezani, na ni mwalimu mzuri. Anayetaka zaidi huenda kwa LM3886, ambayo kwa volti 28 za upande chanya na 28 za upande hasi hutoa wati 38 katika spika ya omu 8, na 68 katika spika ya omu 4. Kwa transfoma ya volti 18 mara mbili, inayotoa takriban volti 25 kila upande, fundi ategemee wati 25 hivi katika omu 8. Kwa sebule ya kawaida hizo ni nyingi.

Vifaa vya kuanzia ni vichache: chuma cha kulehemu cha wati 30 hadi 60, waya wa lehemu, mita ya kupimia volti na ukinzani, koleo ndogo na bisibisi. Kasha la bati laweza kuundwa na mafundi wa jua kali. Wale wa Kamukunji jijini Nairobi wamekunja mabati kwa miaka mingi.

Hatua za kufuata ni hizi. Unda ugavi wa umeme kwanza, peke yake, na kupima volti zake kabla ya kuunganisha kitu kingine. Tia kapasita za maikrofaradi 4,700 hadi 10,000 kila upande, na rezista ya kumwaga umeme uliobaki kila chombo kinapozimwa. Kisha unganisha saketi ya chipu kwa kufuata mchoro wa mtengenezaji wake, ambao hutolewa bure, wala si mchoro uliookotwa popote. Kapasita ndogo za kutuliza umeme zikae karibu kabisa na miguu ya chipu. Zikiwa mbali, chipu huweza kujitetemesha yenyewe na kuungua pasipo sauti kusikika.

Funga chipu kwenye bamba nene la alumini la kupunguzia joto. Mgongo wa chuma wa LM3886 aina ya T umeunganishwa na upande hasi wa umeme, kwa hivyo sharti kuwe na karatasi ya maika kati yake na bamba. Wengi wamelisahau jambo hili na kusikia mlio mmoja tu kabla ya moshi.

Kabla ya kuunganisha spika, pima volti za umeme wa moja kwa moja mahali spika itakapofungwa. Zisizidi sehemu chache za mia za volti. Amplifaya mbovu yenye volti nyingi mahali hapo huchoma koili ya spika kwa sekunde chache. Haraka haraka haina baraka.

Tahadhari kuhusu chipu bandia. Chipu zenye jina kubwa huigizwa. Dalili ni maandishi yanayofutika kwa urahisi, miguu yenye mikwaruzo ya kutumika na bei isiyosadikika. Kapasita nazo huigizwa kwa kutia ndogo ndani ya ganda kubwa, na mita yenye kipimo cha maikrofaradi huufichua ujanja huo mara moja.

HESABU YA SANDUKU

Kwa miaka mingi sanduku la spika lilipimwa kwa kubahatisha. Mwaka 1961 mhandisi wa Australia, Neville Thiele, alichapisha hesabu zilizoonyesha uhusiano wa spika na sanduku lake. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Richard Small, aliyekuwa akifanya utafiti katika Chuo Kikuu cha Sydney, aliziendeleza. Hadi leo vipimo vya spika huitwa kwa majina yao mawili.

Vipimo vinavyohitajika sana ni vitatu: Fs, yaani mtetemo wa asili wa spika ikiwa huru, Qts, kinachoeleza jinsi spika inavyojizuia kutetemeka, na Vas, ujazo wa hewa wenye ulaini sawa na wa koni. Tuchukue mfano wa wufa yenye Fs ya hezi 40, Qts ya 0.4 na Vas ya lita 40, nasi tunataka sanduku lililofungwa lenye besi tulivu, ambalo Q yake ni 0.707.

Gawanya 0.707 kwa 0.4 upate 1.77. Zidisha jibu kwa lenyewe upate 3.12, kisha toa 1 ubaki na 2.12. Gawanya lita 40 kwa 2.12 upate karibu lita 19. Huo ndio ujazo wa ndani. Sanduku lenye upana wa sentimita 20, kina cha 25 na kimo cha 38 kwa ndani lina lita 19 kamili. Besi yake itaanza kupungua kwenye hezi 71 hivi, yaani 40 mara 1.77. Sanduku likiwa dogo kuliko hapo, besi huvimba na kuvuma. Likiwa kubwa, hupungua mapema lakini kwa upole.

Vipimo vitatu vya sanduku visilingane, kwani sanduku la mraba hukusanya mawimbi mahali pamoja na kuipaka sauti rangi isiyo yake.

Twita nayo hulindwa na kapasita inayozuia sauti nzito zisiifikie. Kwa twita ya omu 8 na mpaka wa hezi 3,000, hesabu hutoa maikrofaradi 6.6, na kipande cha kawaida kilicho karibu ni 6.8. Iwe kapasita isiyo na upande chanya na hasi, kwa sababu umeme wa sauti huenda na kurudi.

MVUMO NA CHANZO CHAKE

Malalamiko ya kwanza ya kila fundi mgeni ni mvumo usiokwisha. Sikio lililofunzwa hutambua aina mbili. Mvumo wa hezi 100, ambao ni mkali kidogo, hutoka katika ugavi wa umeme, na mara nyingi humaanisha kapasita zimechoka au ni ndogo. Mvumo mzito wa hezi 50 hutokana na transfoma iliyo karibu mno na nyaya za ishara, au na vyombo viwili vilivyounganishwa ardhini kwa njia mbili tofauti.

Dawa yake ni kugeuza transfoma, kuisogeza mbali, kutumia nyaya zenye ngao na kukusanya nyaya zote za ardhi za saketi mahali pamoja. Ipo tiba nyingine inayosambazwa na wasiojua: kukata waya wa ardhi wa rangi ya kijani na manjano kwenye plagi. Ni kweli mvumo hunyamaza. Lakini siku transfoma itakapopasuka kinga yake, kasha la chuma litakuwa na volti 240, na atakayeligusa kwanza huenda akawa mtoto anayetaka kupunguza sauti. Waya huo usikatwe kamwe.

USALAMA WA FUNDI

Kasha la chuma sharti liunganishwe na waya wa ardhi kwa skrubu yake pekee. Fyuzi iwekwe katika waya wa umeme kabla ya swichi na transfoma. Plagi nyingi huja na fyuzi ya ampea 13, ambayo ni kubwa mno kwa amplifaya ndogo. Ya ampea 3 inafaa zaidi, na nyingine ndogo kuliko hiyo iwe ndani ya kasha.

Chombo kikiwashwa kwa mara ya kwanza, mafundi wazoefu hukiunganisha kupitia taa ya kizamani yenye uzi ndani, ya wati 60 hivi, iliyowekwa katika njia ya umeme. Taa ikimulika kidogo kisha ikafifia, mambo ni shwari. Ikiwaka kwa nguvu zote na kubaki hivyo, kuna nyaya zilizogusana, nayo taa imekiokoa chombo.

Kapasita huhifadhi umeme hata plagi ikishachomolewa. Katika amplifaya ya chipu, umeme huo waweza kuunguza bisibisi na kumshtua fundi. Katika amplifaya ya vali, ambamo volti hufika 400 au zaidi, unaweza kuua. Kwa sababu hiyo, anayeanza asiguse vali kabla ya kujifunza kwa mwenye ujuzi. Lehemu nyingi zina risasi ndani. Madirisha yawe wazi wakati wa kazi, na mikono ioshwe kabla ya kula.

MASIKIO HAYANA KIPURI

Taasisi ya Marekani ya usalama kazini, NIOSH, hupendekeza sauti ya desibeli 85 isisikilizwe zaidi ya saa 8 kwa siku, na kila inapoongezeka kwa desibeli 3 muda upunguzwe nusu. Kwa hesabu hiyo, desibeli 94 ni za saa moja tu, na desibeli 100 ni za dakika 15. Shirika la Afya Duniani, katika kiwango lilichotoa mwaka 2019 pamoja na shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, lilitaja desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki kuwa kikomo kwa watu wazima. Uziwi unaoletwa na kelele hauna tiba ya kuurudisha usikivu uliopotea.

Jirani naye ana haki yake. Kanuni za kudhibiti kelele zilizotolewa nchini Kenya mwaka 2009 chini ya sheria ya mazingira zinakataza kelele za kuudhi, iwe ni klabu, kanisa, matatu au nyumba ya mtu. Amplifaya iliyoundwa vyema hutambulika kwa usafi wa sauti yake hata inapochezwa polepole usiku.

FAIDA YAKE

Je, anayejiundia huokoa fedha? Kwa amplifaya ndogo, mara nyingi la. Transfoma, kasha na bamba la alumini pekee vyaweza kuzidi bei ya chombo kilichounganishwa kiwandani. Akiba huonekana zaidi katika spika, ambapo mbao na kazi ya seremala huchukua sehemu kubwa ya gharama, na katika ukarabati, ambapo kapasita chache hukiokoa chombo kilichokuwa kikielekea jaani.

Faida iliyo kubwa zaidi ni maarifa. Aliyeunda ugavi mmoja wa umeme anaweza kukagua kile cha redio ya mamake, cha televisheni na cha chaja ya betri. Aliyekokotoa sanduku moja hatauziwa tena ubao mwembamba kwa bei ya mninga. Naye akifika dukani akaona wati 12,000 zilizoandikwa kwa rangi nyekundu, atakigeuza chombo kwanza na kusoma nyuma.